Gitaa la umeme la nusu wazi: kutunza na kubadilisha vyuma na nyaya zake bila kuliharibu

Gitaa la nusu wazi ni lile lenye mwili mwembamba, matundu mawili ya herufi F kifuani, na gogo la mti mgumu lililopita katikati kutoka shingoni hadi mkiani. Gibson walitoa ES-335 mwaka 1958, na mpango wake ndio uliofuatwa na Epiphone Dot pamoja na nakala nyingi za Asia zilizojaa madukani leo: pikapu mbili za hambaka (vinasa sauti vyenye koili mbili kila kimoja), poti nne (vizungushio vya volyumu na toni), swichi moja, jeki ya kebo iliyofungwa kifuani, daraja la nguzo mbili, na nyuma yake kishikilio cha nyuzi.

Tatizo lake kwa fundi ni kwamba halina mlango wa nyuma. Gitaa la mwili mzima unafungua kifuniko kwa skrubu nne na kila kitu kiko mbele yako. Hili, kila poti na kila waya hupitia tundu la F, na kosa dogo la lehemu linakulazimu kutoa mfumo wote nje upya. Ndiyo maana kazi hapa inafanyika mezani: unapima kabla ya kununua, na unajaribu nje kabla ya kuingiza ndani.

Neno kuhusu pesa pia. Wengi wakichoka na sauti ya gitaa hukimbilia pikapu mpya. Mara nyingi kinachosumbua ni jeki iliyolegea, poti zinazokwaruza, au kidaraja cha kichwani (kile chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo) kilichochongwa vibaya. Anza na hivyo, kisha daraja, kisha funguo za kukazia nyuzi. Pikapu ziwe za mwisho.

Vifaa

Bisibisi za nyota na bapa zenye ncha inayokaa sawasawa kwenye skrubu, alenki za milimita na za inchi, spana ya mm 13 (inashika vizuri nati ya jeki ya inchi nusu), rula ya chuma yenye nusu milimita, venia, na kipimo cha fila, kile mafundi magari wanachopimia vali. Kwa umeme: chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, lehemu ya 60/40 yenye fluksi ndani, unene wa mm 0.8 au 1, na multimita. Ongeza mshipi wa kuvulia samaki mita tano, mpira laini wenye tundu la mm 5 hadi 6, utepe wa karatasi unaonata wa wapaka rangi magari, na tochi ndogo. Kifaa cha bei kubwa hapa ni rima ya mkono ya kupanulia matundu; usiitafutie mbadala wa keekee, sababu itakuja.

Inchi au milimita?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Vipuri vya Marekani vina meno ya inchi, na magitaa mengi yaliyotengenezwa China, Korea au Indonesia yana meno ya milimita. Nguzo ya kishikilio cha nyuzi ya Marekani ni inchi 5/16 yenye meno 24 kwa inchi. Ya Asia ni M8 (kipenyo cha mm 8) yenye hatua ya mm 1.25. Vipenyo vyake vinakaribiana kiasi kwamba nguzo ya inchi itaingia kwenye bushi ya M8 (mrija wenye meno uliozamishwa ubaoni) mizunguko miwili hivi, kisha itagoma. Anayelazimisha kwa spana huharibu meno ya bushi, na bushi ikiharibika inabidi ing'olewe ubaoni. Nguzo ikigoma, simama hapohapo.

Pima umbali kati ya nguzo, kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa daraja la kawaida la aina hii ni karibu mm 74, na kwa kishikilio ni karibu mm 82. Pima pia unene wa nguzo pale daraja linapokalia, maana daraja lenye matundu madogo haliketi, na lenye makubwa linayumba na kuvuruga sauti kila unapovuta nyuzi.

Poti nazo zina mataifa. Za Asia zina mwili wa mm 16, shingo ya meno ya M7 na mhimili wa mm 6 wenye mistari 18. Za Marekani zina mwili wa mm 24, shingo ya inchi 3/8 (mm 9.5) na mhimili wenye mistari 24, hivyo nobu za moja hazikai vizuri kwenye nyingine. Angalia pia urefu wa shingo ya poti. Ubao wa juu wa magitaa haya kwa kawaida ni plaiwudi ya mm 5 hadi 6. Poti yenye shingo fupi ya mm 6.5 ikishapita ubao haibakizi meno ya kushika washa na nati. Chukua yenye shingo ya mm 9.5 au zaidi.

Ushauri wetu: kama gitaa lako ni la Asia, nunua poti nzuri za mm 16 na uache matundu yalivyo. Tofauti ya sauti kati ya poti kubwa na ndogo zenye kipimo kilekile cha omu hutaisikia. Zaidi ya hayo, tundu la F la magitaa mengi ya bei nafuu ni jembamba, na poti ya mm 24 haipiti.

Daraja na kishikilio cha nyuzi

Ukiondoa nyuzi zote kwa mpigo, daraja na kishikilio vitaanguka na kukwaruza kifua, kwa kuwa hushikwa na mvuto wa nyuzi tu. Tandika kitambaa kwanza, au badilisha uzi mmoja mmoja.

Lichunguze daraja la zamani kwa kuweka rula juu yake baada ya kutoa nyuzi. Nyuzi za 010 hadi 046 zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 40, na sehemu ya nguvu hiyo inasukuma daraja chini. Daraja la chuma laini hubonyea katikati taratibu. Nyuzi za tatu na nne zinashuka na kuanza kugusa freti (vyuma vilivyokatiza shingo) huku za pembeni ziko sawa. Usilinyooshe kwa kuligonga. Nunua jingine.

Kinachochangia kubonyea ni kishikilio kilichoshushwa hadi kugusa ubao, mtindo ambao wengi wanauamini kuwa unaongeza mlio. Ukikishusha mno, nyuzi hugusa ukingo wa nyuma wa daraja kabla ya kufika kwenye sedo, vile vipande sita vinavyobeba nyuzi. Hapo nyuzi hukatika mahali pamoja kila mara na daraja hubebeshwa mzigo zaidi. Pandisha kishikilio mpaka karatasi ipite kati ya uzi wa sita na ukingo wa daraja.

Bushi ya nguzo ikilegea, utaona imepanda kidogo na kuacha duara la kivuli kwenye rangi. Kuing'oa kuna njia safi: dondosha kipande cha chuma cha urefu wa mm 10 hivi ndani ya bushi, kisha funga nguzo yake. Nguzo ikikutana na chuma hicho chini, kila mzunguko unainua bushi kutoka ubaoni. Weka kipande cha plastiki pembeni ili rangi isibanduke, na kata ukingo wa rangi kwa wembe kabla ya kuanza, la sivyo bushi itatoka na ganda la rangi. Kabla ya kurudisha bushi, hakikisha waya wa ethi umerudi tundu lile lile na ncha yake iliyomenywa inabanwa na bushi. Waya huo ndio unaounganisha nyuzi na ethi ya gitaa. Ukisahaulika, gitaa litavuma.

Shingo, kimo na intonesheni

Fanya kwa mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inabadilisha inayofuata. Tyuni gitaa kwanza. Weka kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili, kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya saba: mm 0.2 hadi 0.25 inatosha. Nafasi ikizidi, kaza nondo ya shingo (ile iliyo ndani ya shingo ya kuinyoosha) kwa kugeuza kulia, ikikosekana, legeza. Usizidishe robo mzunguko kwa mara moja, tyuni tena, pima tena. Alenki au spana ya nondo ikiwa haikai vizuri kwenye kichwa chake, tafuta saizi sahihi. Kichwa kikishaviringika, ukarabati wake ni ghali kuliko gitaa la kawaida.

Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: mm 1.5 kwa uzi wa kwanza na mm 2 kwa wa sita ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo.

Intonesheni, yaani usahihi wa noti kadiri unavyopanda shingoni, inapimwa kwa nyuzi mpya tu. Linganisha mlio wa hamoniki (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) kwenye freti ya 12 na noti iliyobonyezwa freti hiyohiyo. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha sedo nyuma kuelekea kishikilio. Ikiwa chini, isogeze mbele kuelekea shingo. Legeza uzi kabla ya kugeuza skrubu ya sedo, maana skrubu hizi ni nyembamba na kichwa chake huliwa upesi.

Funguo na kidaraja cha kichwani

Funguo za mtindo wa zamani zinakaa kwenye matundu ya karibu mm 8.7 zikiwa na bushi za kubana. Za mtindo wa Grover zinahitaji karibu mm 10 na zina nati ya juu. Kama kichwa chako kina matundu ya mm 10 na unataka za zamani, zipo bushi za kupunguza tundu. Kinyume chake kinahitaji kupanua, na kupanua hakurudishwi. Skrubu ndogo za nyuma zipake sabuni kavu au nta ya mshumaa kabla ya kuzifunga, zisikatikie ndani ya mti. Tundu la zamani likiwa limelegea, jaza kijiti cha kiberiti na gundi ya mbao, kata, toboa upya kwa keekee ya mm 1.5.

Lakini kabla ya kununua funguo, sikiliza. Uzi unapotyuniwa ukitoa mlio wa “ting” kisha ukaruka juu, funguo hazina kosa. Uzi umenasa kwenye kidaraja cha kichwani. Sugua unga wa penseli ya 2B ndani ya mfereji. Mfereji ukiwa mwembamba, zile sindano za kusafishia nozeli za gesi ya kuchomea hufanya kazi nzuri kwa bei ndogo kuliko tupa maalumu. Kipimo cha kina: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha angalia juu ya freti ya kwanza. Panapaswa kubaki nafasi ya unywele. Ikiwa pana zaidi, noti za freti ya kwanza zitapanda. Ikiwa hakuna kabisa, umeshachimba mno.

Nyaya, poti na jeki

Kwa hambaka mbili unahitaji poti nne za kiloomu 500, zote zenye maandishi A500K, si B500K. Herufi A kwenye poti za Asia ni ya mpangilio wa logi unaofuata sikio. Maduka ya vifaa vya elektroniki, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, mara nyingi yana B tele. Ukiweka B kwenye volyumu, sauti haitapungua kwa maana hadi ukaribie namba mbili au tatu, kisha itaporomoka. Kapasita mbili za mikrofaradi 0.022 kwa toni. Nyaya ziwe zenye shildi (ganda la waya linalozuia mvumo), kwa sababu ndani ya tumbo hili hakuna shimo la kufunika kwa karatasi ya shaba kama kwenye gitaa la mwili mzima.

1. Piga picha kila upande. Ondoa nobu kwa kupitisha kitambaa chini yake na kuvuta sawasawa. Usitumie bisibisi kama mtarimbo. Inaacha alama kwenye rangi na inaweza kung'oa mhimili.

2. Weka kadibodi ngumu juu ya matundu ya poti, swichi na jeki, weka alama kwa penseli, toboa. Funga poti mpya kwenye kadibodi zikitokea chini, kama zitakavyokaa kwenye gitaa, kisha geuza na ulehemu upande wa nyuma. Ukizifunga upande wa juu, kulia kutakuwa kushoto, na nyaya zitakuwa fupi mahali usipotarajia.

3. Kwangua mgongo wa kila poti kwa msasa kabla ya kulehemu ethi. Chuma cha lehemu kikae sekunde tatu hadi tano, si zaidi. Joto la muda mrefu huunguza njia ya kaboni ndani na poti itakwaruza ikiwa mpya. Lehemu nzuri inatandaa na kung'aa. Iliyosimama kama shanga haijashika.

4. Wanaotaka sauti isififie juu wanapopunguza volyumu waunganishe kapasita ya toni kwenye mguu wa kati wa poti ya volyumu badala ya mguu wa kuingilia. Ndio mtindo wa miaka ya 1950, haugharimu chochote, na kwa magitaa haya unafaa.

5. Vika mpira unaosinyaa kwa joto, au utepe wa umeme, kila sehemu ya shildi iliyo wazi. Waya mmoja ukigusa mguu wa poti ndani ya gitaa, pikapu hiyo inazimika, na mara nyingi inazimika tu unapoinama nalo.

6. Pima mfumo ukiwa bado mezani, pikapu zikiwa zimeunganishwa. Chomeka kebo, pima omu kati ya ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Volyumu zikiwa zimefunguliwa zote, swichi kwa pikapu moja, hambaka ya kawaida itaonyesha takriban kiloomu 7 hadi 9. Swichi katikati, karibu nusu yake. Volyumu ikifungwa, sifuri. Kisha unganisha na amplifaya na gonga vichwa vya pikapu kwa bisibisi polepole. Kama hapa kuna kasoro, ndani haitajitengeneza.

7. Kama matundu yanahitaji kupanuliwa, funika eneo kwa utepe wa karatasi na zungusha rima kwa mkono kutoka nje, polepole. Keekee ya umeme hunasa kwenye tabaka za plaiwudi na kurarua ukingo wake kwa sekunde moja. Geuza gitaa na kutikisa vumbi litoke.

8. Bana kipande cha mpira wa sentimita 30 kwenye kila mhimili wa poti, kikiwa kimetoka nje kupitia tundu lake. Kwa jeki, pitisha mshipi kwenye tundu lake, kisha ndani ya jeki, na ufunge kijiti cha kiberiti mwishoni. Kwa swichi, funga mshipi kwenye shingo yake chini ya meno. Vyote vipite kwanza kutoka matundu yao hadi tundu la F. Baadhi ya magitaa yana sehemu ya gogo iliyochongwa chini ya pikapu ya daraja. Kama tochi inaonyesha nafasi hiyo, pitisha huko, ni pana zaidi.

9. Anza na kilicho mbali zaidi na tundu, kwa kawaida jeki, kisha toni, volyumu, na swichi mwisho. Vuta mpira wa poti huku kidole cha mkono mwingine kikisukuma kutoka tundu la F. Mhimili ukitokeza, weka washa na nati kabla ya kutoa mpira. Ukifunga nati, shika mhimili usizunguke. Poti ikizunguka ndani inakata waya wake.

Jeki ndiyo inayolegea kuliko vyote kwa sababu inachomekwa na kuvutwa kila siku. Ikianza kuzunguka, wengi huikaza kwa nje bila kushika ndani, na waya unajisokota hadi ukatike. Shika kwa kuchomeka plagi iliyobanwa pembeni, kaza kwa spana ya mm 13, na tumia washa ya meno upande wa ndani.

Gitaa likivuma, likinyamaza

Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni kawaida ya gitaa lolote la umeme kiasi fulani. Mvumo unaoongezeka ukigusa nyuzi ni dalili ya nyaya mbili za jeki kubadilishana. Pima omu kati ya daraja na shina la plagi. Ikizidi omu chache, waya wa ethi wa nguzo haujashika.

Sauti nyembamba na yenye pua swichi ikiwa katikati, huku kila pikapu peke yake iko sawa, maana yake pikapu mbili zinapingana. Kwenye pikapu ya nyaya nne unabadilisha waya wa moto na wa ethi wa pikapu moja. Kwenye ya waya mmoja wenye shildi usibadilishe, shildi itakuwa moto na gitaa litavuma muda wote.

Mtetemo usioeleweka unaokuja kwenye noti moja tu huwa ni waya unaogusa kifua kwa ndani, waya mwembamba wa kushikilia sedo, au nati ya funguo. Bonyeza kimoja kimoja kwa kidole huku mwenzako anapiga noti hiyo. Waya wa ndani mfungie kipande cha sponji.

Pikapu zikishakaa, bonyeza uzi wa kwanza na wa sita freti ya mwisho, kisha pima kati ya uzi na pikapu: mm 1.6 kwa pikapu ya daraja na mm 2.4 kwa ya shingo. Ikikaribia mno, sumaku inavuta uzi na noti za juu za uzi wa sita zinayumba.

Hewa ya pwani

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar hewa ina unyevu na chumvi, na jasho la jukwaani linamalizia. Skrubu za sedo hushika kutu kwanza. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti cha meno kila unapobadilisha nyuzi linatosha. Mafuta yasifike kwenye mti. Dhahabu iliyopakwa ni tabaka jembamba mno, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu tu, bila dawa ya kung'arisha. Nikeli ikififia ni sura yake tu. Kromu ndiyo inayovumilia zaidi, na kwa anayepiga bendi pwani tungemchagulia hiyo. Poti zikikwaruza, puliza dawa ya kusafishia kontakti kupitia upenyo uliopo juu ya miguu ya poti na uzungushe mara ishirini. Mafuta ya kulegezea bolti yanaacha utando unaokusanya vumbi.

Gitaa likitoka pwani kwenda Nairobi au Arusha, lipe siku kadhaa ndani ya kasha lake kabla ya kugusa nondo. Shingo itahama, kisha itatulia, na ukiikaza siku ya kwanza utalazimika kuilegeza siku ya nne.